Kabla Hujasimama Kueleza Protini Zilianzaje

Mwanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anayejiandaa kutoa semina ya asili ya protini aamue kwanza anajibu swali lipi, maana yako mawili na watu huyachanganya: vipande vya protini, yaani asidi amino, vilitoka wapi, na mtambo wa kuviunga ulianzaje. Wengi humalizia muda kwenye la kwanza kwa kuwa lina picha nzuri: chupa za mkemia Stanley Miller, 1953, methani, amonia, hidrojeni na mvuke vikipigwa cheche za umeme hadi asidi amino zikapatikana. Lipitie haraka. Taja na kimondo cha Murchison kilichoanguka Australia mwaka 1969 kikiwa na asidi amino zake, kisha songa. Ila ujue kwamba wanasayansi wengi sasa hawaamini hewa ya kale ilijaa methani na amonia kiasi kile. Kuna atakayeuliza.

Uweze pia kueleza tatizo la maji bila kutazama slaidi. Asidi amino mbili zikiungana hutoa molekuli ya maji, kwa hiyo ndani ya bahari muungano huo huelekea kuvunjika, si kujengeka. Ndiyo sababu watafiti hupenda mahali panapolowa na kukauka, kama mashamba ya chumvi ya Kunduchi: maji huingia, jua hukausha, kilichoyeyuka kinabanana. Usije tu ukasema uhai ulianzia Kunduchi.

Muda mwingi upe ribosomu, mtambo wa seli unaounga protini, maana utamu uko hapo. Kila asidi amino hupandishwa kwenye RNA yake ndogo (RNA ni molekuli ndugu ya DNA) na kimeng'enya, na kimeng'enya hicho nacho ni protini iliyotengenezwa na ribosomu. Nani alitangulia? Mwaka 2000 umbo la ribosomu lilipoonekana kwa undani, sehemu inayounga protini ilikutwa ni RNA, dalili kwamba huenda RNA ndiyo iliyotangulia; kazi hiyo iliwapa Ramakrishnan, Steitz na Yonath Tuzo ya Nobel ya 2009. Chora sehemu hiyo kwenye karatasi ya manila, umeme wetu unaujua.

Usijifanye mambo yameisha. Kwa nini kodoni 61, yaani maneno ya herufi tatu za RNA yanayotaja asidi amino, ziligawanywa vile kwa asidi amino 20 bado ni ubishi. Francis Crick mwaka 1968 aliona huenda ni bahati iliyoganda: mgawanyo uliotokea kwa bahati tu, kisha ukashindikana kubadilika. Na jibu la "RNA nayo ilitoka wapi?" liwe tayari: anza na kundi la John Sutherland, ambalo mwaka 2009 lilitengeneza baadhi ya vipande vya RNA bila kupitia sukari iliyo huru, yaani iliyotengenezwa kwanza pembeni.