Jinsi ya Kuingia Kwenye Kazi ya Kupima na Kusafisha Ardhi Iliyochafuliwa

Tangi la sheli likitoboka chini ya sakafu, hakuna anayeliona. Petroli inashuka kwenye udongo kidogo kidogo, ikifika kwenye maji ya ardhini inaelea juu yake na kusafiri nayo, na mara nyingi wa kwanza kugundua ni mama wa nyumba ya jirani aliyechota maji ya kisima yakamnukia mafuta. Kazi tunayoizungumzia hapa ni ya kujua uchafu umetoka wapi, umefika wapi, ni mwingi kiasi gani, kisha kuuondoa. Afrika Mashariki haina uhaba wa kazi hiyo. Mwaka 2015 mafuta ya bomba yalivujia bonde la Thange, kaunti ya Makueni. Kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Geita zebaki inaishia kwenye matope ya mito. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi udongo wenye risasi, ile metali nzito yenye sumu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo baada ya kutenguliwa kwenye rufaa.

Wengi wanaotaka kuingia huanza kwa kukusanya vyeti. Vyeti vinahitajika, lakini mwajiri anatafuta kitu kimoja kwanza: mtu ambaye sampuli yake haiwezi kupingwa. Ripoti nzima, gharama ya kusafisha na hata kesi mahakamani vinasimama juu ya chupa moja iliyojazwa sawasawa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya chupa hiyo.

Usomee nini

Jiolojia, kemia, uhandisi wa mazingira na sayansi ya udongo ndiyo milango mikubwa. Tanzania, Chuo Kikuu Ardhi wanafundisha uhandisi wa mazingira, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) wana nguvu kwenye udongo, na Chuo cha Maji pale Dar es Salaam wanatoa stashahada zinazohusu maji ya ardhini na uchimbaji wa visima. Usiidharau stashahada hiyo. Aliyewahi kusimama kwenye mtambo wa kuchimba visima anaelewa udongo kwa mikono, na makampuni ya ushauri yanamhitaji kuliko mhitimu asiyejua kutofautisha mfinyanzi na tope laini.

Ili utie sahihi ripoti kama mtaalamu, Tanzania utasajiliwa na NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kenya ni NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko, chini ya sheria ya 1999, na kuna daraja la mtaalamu mshiriki na la mtaalamu kiongozi. Huhitaji usajili huo kubeba chupa na kuandika daftari la uwandani, kwa hiyo anza na hayo. Jifunze na QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani. Asiyeweza kuchora ramani ya visima vyake mwenyewe anabaki kuwa mbeba mizigo.

Kabla ya kuchimba

Siku ya kwanza haina koleo. Ni ya kusoma ramani za zamani, kuuliza wafanyakazi waliokaa muda mrefu tangi lilikuwa wapi kabla ya ukarabati, na kutembea uwanjani. Tafuta madoa, mimea iliyokufa kwa umbo lisilo la kawaida, mabomba yasiyojulikana mwisho wake. Hoji na majirani wenye visima. Halafu hakikisha nyaya za umeme na mabomba ya maji viko wapi, kwa ramani na kwa kuchimba kwa mkono mita 1.5 ya mwanzo. Waya ukikatwa na mtambo, unaua.

Weka visima vya uchunguzi, yaani mashimo membamba yaliyotiwa bomba, visivyopungua vitatu, vikae kwa umbo la pembetatu. Maji ya ardhini yanaelekea palipo chini, na pointi mbili haziwezi kukuonyesha uelekeo. Hapa kuna kosa linalorudiwa kila mara: watu wanapima kina cha maji kutoka mdomo wa bomba, wanasahau kwamba midomo ya mabomba haiko usawa mmoja. Chukua leveli ya mpima ardhi, pima kila mdomo, utie alama ya kudumu mahali unapopimia. Uwanja ukiwa tambarare, kosa la sentimita 5 linatosha kuugeuza mshale wa ramani, na mtaa usiohusika ukaambiwa kisima chake kina hatari huku wenye hatari wakiendelea kunywa.

Kuchukua maji kisimani

Pima kwanza unene wa mafuta yanayoelea, kwa kipimo kinacholia mlio mmoja kikigusa mafuta na mwingine kikigusa maji. Yakiwepo mafuta, usichukue sampuli ya maji. Andika unene na uripoti siku hiyo hiyo.

Maji yaliyolala bombani si maji ya ardhini. Yatoe. Bomba la milimita 50 lina takriban lita 2 kwa kila mita ya maji, kwa hiyo kisima chenye mita 6 za maji kina lita 12, na kutoa ujazo mara tatu ni lita 36. Njia bora zaidi ni kuvuta polepole, mililita 100 hadi 500 kwa dakika, huku ukiangalia usawa wa maji usishuke zaidi ya sentimita 10. Soma kila baada ya dakika 3 hadi 5. Pale pH (kipimo cha uasidi) inapokaa ndani ya 0.1 na uwezo wa kupitisha umeme ndani ya asilimia 3 kwa usomaji tatu mfululizo, maji mapya yameingia. Wanaokimbia hatua hii hupeleka maabara maji yaliyokaa bombani wiki nzima, ambamo benzini, sumu nyepesi iliyomo kwenye petroli, imekwishapeperuka.

Kwa petroli tumia chupa za kioo za mililita 40 zilizotiwa asidi ya hidrokloriki na maabara. Jaza polepole ukiinamisha chupa ili maji yateleze ukutani, yavimbe juu ya mdomo, kisha funga. Igeuze juu chini na uigonge kidoleni. Ukiona kapovu kanapanda, chukua chupa nyingine na uanze upya. Benzini inakimbilia kwenye hewa ile ndogo, na ukifungua kifuniko inatoka. Usisuuze chupa yenye asidi, maana asidi inamwagika. Kwa metali, chuja maji kwa chujio la maikromita 0.45 hapo hapo uwandani, weka kwenye chupa ya plastiki yenye asidi ya nitriki. Ukiacha kuchuja, tope lililoelea litayeyushwa na asidi na risasi itaonekana nyingi kuliko iliyomo majini.

Zote ziende kwenye boksi la barafu, nyuzi 4 bila kuganda. Barafu iwe ndani ya mifuko miwili, la sivyo ikiyeyuka lebo zinafutika na kazi ya siku nzima inakuwa chupa zisizo na majina. Za petroli zina siku 14 kufika na kupimwa. Na jambo linaloharibu kazi kuliko yote: kupakia boksi nyuma ya pikapu pamoja na dumu la mafuta ya jenereta. Ndiyo maana kila boksi hubeba chupa ya maji safi iliyofungwa tangu maabara. Ikirudi na benzini, sampuli zako zimechafuka njiani na unarudi kisimani.

Chukua sampuli pacha moja kwa kila kumi, na sampuli ya maji uliyosuuzia vifaa. Vifaa huoshwa kwa sabuni isiyo na fosfeti, maji ya bomba, kisha maji yaliyokenekwa. Badilisha glovu kila kisima. Fomu ya makabidhiano ionyeshe kila mkono uliogusa boksi na saa yake, na maabara iwe na ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara, kwa kipimo hicho hasa. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya chumvi na klorini bila kuwa nayo kwa benzini.

Majibu yakirudi, yalinganishe na viwango vya nchi yako. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 0.01 kwa lita ya maji ya kunywa kwa benzini, na ni huo huo kwa risasi.

Udongo

Udongo wa petroli usichanganywe kwenye beseni, kwa sababu nusu ya unachokitafuta kitapanda hewani. Kata kipande kizima haraka, kifungie. Udongo wa metali ni kinyume: changanya vizuri, kausha, chekecha. Mashine ya mkononi ya eksirei inayosoma risasi papo hapo inadanganya udongo ukiwa na unyevu unaozidi asilimia 20. Inasoma chini, na mtu anawaambia wazazi uwanja ni salama. Kwenye makazi chukua sentimita 2 za juu, kwa sababu ndizo zinazoshika vidole vya mtoto. Marekani walitumia miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo kama kizingiti cha makazi kwa miaka mingi, na mwaka 2024 wakakishusha hadi 200.

Kusafisha

Hesabu ya kifusi ndiyo huwaangusha wageni. Shimo la mita 10 kwa 8 kwa 3 ni mita za ujazo 240, lakini udongo ukichimbwa unavimba kwa karibu robo, unakuwa 300. Kwa lori la mita 10 ni safari 30. Aliyeandika 24 kwenye zabuni anamalizia kwa mfuko wake, au anaacha uchafu chini, na wengine wanafanya hilo la pili. Kila safari iwe na kibali cha kusafirisha taka hatari na karatasi ya dampo lililoipokea.

Udongo wa dizeli unaweza kutibiwa pale pale kwa kulisha vijidudu. Tandaza plastiki nzito, lundika udongo usiozidi mita 2, pitisha mabomba yenye matundu kwa ajili ya hewa, nyunyiza maji mpaka ukiufinya ushikamane bila kutoa tone. Uwiano wa kaboni, naitrojeni na fosforasi ni 100 kwa 10 kwa 1. Udongo wenye miligramu 5,000 za mafuta kwa kilo una kilo 5 kwa tani, kama kilo 4.25 za kaboni, kwa hiyo unadai gramu 425 za naitrojeni: urea kilo 0.9 hivi. Igawe mara mbili au tatu. Ukiitia yote kwa pupa, amonia inawaua vijidudu wenyewe na lundo linakaa miezi bila kubadilika. Joto letu ni msaada mkubwa. Mvua za masika si msaada, funika.

Risasi hailiwi na kijidudu chochote. Inachimbwa ikaondolewa, inafunikwa kwa udongo safi juu ya kitambaa cha alama, au inafungwa kwa fosfeti isiyeyuke kirahisi. Mtu akikuuzia dawa ya kuimaliza risasi udongoni, usimpe hela.

Kuhusu usalama, mambo machache yasiyojadiliwa. Kipima gesi kikifika asilimia 10 ya kiwango cha chini ambacho gesi huweza kulipuka, kazi inasimama na injini zinazimwa. Hakuna kuingia kwenye shimo refu kuliko mita 1.2 ambalo kuta hazijaegemezwa. Anayefanya kazi kwenye risasi anaoga na kubadili nguo kabla ya kwenda nyumbani, kwa sababu vumbi linasafiri kwenye magoti ya suruali hadi kwenye mkeka anakochezea mtoto.

Kupata nafasi ya kwanza

Peleka maombi kwa makampuni ya ushauri wa mazingira, ya kuchimba visima, maabara, migodi na bohari za mafuta. Badala ya rundo la vyeti, ambatisha kurasa mbili: kumbukumbu ya kisima kimoja ulichokipima mwenyewe, yenye usomaji wa kila dakika 5, na ramani ndogo ya visima vitatu vya mtaani kwenu ikiwa na mshale wa mtiririko. Kamba yenye vipimo, leveli ya kuazima na kipima pH vinatosha kwa zoezi hilo. Omba ruhusa kwa wenye visima, na uwapelekee majibu yao.