Una fleti Uingereza? Cheki lisi imebakiza miaka mingapi kabla haijagusa 80

Wenzangu mlionunua fleti England na Wales, iwe Barking, Reading au Leicester, wengi wetu akili yote iko kwenye mkopo wa benki na sevisi chaji, lisi, yaani mkataba wa kumiliki fleti kwa miaka maalumu kabla haijarudi kwa mwenye ardhi, tunaisahau kabisa. Bongo tumezoea hati za miaka 33, 66 au 99 na mwenye ardhi ni serikali, ikikaribia kuisha unaenda ardhi mnaongea. Huku mwenye ardhi mara nyingi ni kampuni au mtu binafsi, na miaka yako ikipungua ndo biashara yake inanona.

Anza kwa kujua umebakiza mingapi. Usitegemee maneno ya ajenti, ingia tovuti ya HM Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi, uchukue nakala ya rejista ya fleti yako, paundi 7 tu, uangalie lisi ilianza lini na ni ya muda gani. Wengi wanachemka hapa maana wanahesabu tangu walipopewa funguo. Lisi ya miaka 99 iliyoanza 1989 inaisha 2088, hata kama wewe umenunua juzi.

Sasa ishu yenyewe ni 80. Ukitaka kuongezewa miaka ukiwa juu ya hapo, unamlipa mwenye ardhi fidia ya pango la ardhi (kodi unayomlipa kwa ajili ya ardhi) analopoteza na ya kusubiri miaka 90 zaidi ndo arudishiwe fleti yake. Ikifika 80 au chini, inaongezeka kitu inaitwa thamani ya ndoa (marriage value), yaani fleti inapanda bei kwa sababu ya miaka mipya halafu nusu ya hiyo faida anachukua yeye. Chukua namba za mfano tu: fleti ikiwa na lisi ndefu ni paundi 300,000, kwa miaka uliyobakiza ni 276,000, na mwenye ardhi anapoteza 8,000. Toa hizo mbili kwenye 300,000 inabaki 16,000, nusu yake ni 8,000, ongeza na ile 8,000 ya mwanzo, unalipa 16,000. Ungewahi kidogo ungelipa kama nusu yake. Na miaka ikizidi kushuka mabenki mengi yanagoma kumkopesha mtu anayetaka kununua kwako, unabaki na wa keshi tu na bei zao za kukukomoa.

Haki yako ya kuongezewa iko kwenye sheria ya lisi ya 1993: unaongezewa miaka 90 juu ya iliyobaki na pango la ardhi linakuwa sifuri. Zamani lazima uwe umemiliki miaka 2, hiyo imefutwa tangu 31 Januari 2025, siku hizi ukishaandikishwa kama mwenye fleti unaweza kuanza.

Kuwa makini na barua tamu. Mwenye ardhi anaweza kukuandikia mwenyewe, "tukuongezee ifike miaka 125, bei ya ofa, saini ndani ya wiki mbili". Bei inavutia kweli, ila soma mistari ya pango la ardhi, maana mkielewana nje ya utaratibu wa 1993 sheria inamruhusu aendelee kudai pango la zamani mpaka ile miaka ya mwanzo iishe, na kama lilikuwa linadabo kila baada ya muda litaendelea kudabo. Mimi barua hizo naziona za kuanzia mazungumzo tu.

Njia rasmi iko hivi. Tafuta mthamini wa RICS (chama cha kitaaluma cha wathamini) anayelijua eneo lako akupe makadirio, halafu wakili wa mambo ya lisi, siyo yule wa viza yako jamani. Wakili anapeleka notisi ya kifungu cha 42, yaani barua rasmi ya kudai kuongezewa miaka chini ya sheria hiyo ya 1993, na tarehe ya notisi ndo inafunga hesabu, kwa hiyo mwenye miaka 80 na miezi kadhaa asilale. Mwenye ardhi anapewa angalau miezi 2 kujibu, anaweza kudai dipoziti ya asilimia 10 ya bei uliyotaja au paundi 250, ile iliyo kubwa. Atajibu na bei ya juu, usishtuke, wathamini watavutana. Msipoelewana, ndani ya miezi 6 tangu ajibu peleka First-tier Tribunal, baraza linaloamua migogoro hii (Wales wana lao), ukipitisha notisi imekufa. Na jiandae, gharama za wakili na mthamini wake pia unalipa wewe, zile za kuridhisha, ila za kwake za kwenye baraza anajilipia.

Kuna wanaosubiri sheria mpya ya lisi ya 2024, ambayo inataka kuleta miaka 990 na kufuta thamani ya ndoa. Imepita Mei 2024 lakini vifungu hivyo havikuanza kazi palepale. Ukiwa na 90 subiri tu, ukiwa na 81 mimi nisingecheza hiyo kamari. Ukiwa tayari chini ya 80 na huuzi karibuni, ongea kwanza na Leasehold Advisory Service, shirika la ushauri wa mambo ya lisi, ushauri wao ni bure.

Na nyie mliorudi Dar, Mombasa au mko Dubai na fleti mmepangisha, haki mnayo vilevile, sheria haidai uwe unaishi humo, na tangu 2014 si lazima notisi usaini mwenyewe, mwakilishi wako anaweza. Ukitaka kuuza katikati ya mchakato inawezekana pia, mnunuzi anarithi notisi yako, ila mwambie wakili ahamishe notisi pamoja na lisi, vikitenganishwa notisi haina kazi tena.