Jinsi ya Kuandika Tafakari ya Injili Kila Siku Bila Kurudia Yale Yale

Daftari nyingi za tafakari huachwa baada ya wiki chache, na mara nyingi uvivu husingiziwa tu. Mtu anafungua Biblia akiwa ameshajua kifungu kitasema nini, anasoma mistari mitano mbio mbio, kisha anaandika kwamba Mungu ni mwema na tumtegemee. Kesho yake anaandika hivyo hivyo kwa kifungu kingine. Ikifika wiki ya tatu hata yeye mwenyewe amechoka kujisoma. Utaratibu ufuatao unakulazimisha kuona kilichoandikwa kabla ya kusema kinachokugusa.

Unahitaji nusu saa, daftari yenye kurasa zinazotazamana, kalamu, na tafsiri mbili za Biblia. Union Version ya 1952 inafaa kwa kusoma neno kwa neno. Habari Njema inafaa pale Kiswahili cha Union kinapokukwamisha. Vitabu vya ufafanuzi viweke mbali hadi umalize kuandika, la sivyo utanakili tafakari ya mwingine.

Hatua ya 1: Chagua Injili moja na uimalize

Anza na Marko. Ina sura 16 na mistari 678, kwa hiyo ukichukua mistari 12 hivi kwa siku, utamaliza kwa takriban wiki tisa na nusu, ukitenga siku moja ya kila wiki kwa marudio (Hatua ya 7). Sura nzima kwa siku ni mzigo kwa anayeandika: Marko 14 peke yake ina mistari 72, na Luka 1 ina 80.

Kabla ya siku ya kwanza, isome Marko yote kwa kikao kimoja. Kwa sauti huchukua kama saa moja na nusu. Hatua hii watu wengi huiruka, ndiyo maana baadaye hawatambui jambo linalorudi.

Ukifuata masomo ya Misa, kalenda imeshakuchagulia: Jumapili za mwaka A ni za Mathayo, B za Marko, C za Luka. Ifuate, ila soma pia mistari iliyorukwa kati ya somo la leo na la jana.

Hatua ya 2: Kata kifungu mahali pake

Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, mistari ya Agano Jipya ilitiwa namba mwaka 1551, na vichwa vidogo vimewekwa na wahariri wa tafsiri. Hakuna hata kimoja kilichotoka kwa mwinjili. Marko 9:1, kwa mfano, ni mwisho wa maneno yanayoanzia 8:34; ukianzia hapo siku mpya, unakata sentensi kooni.

Jihadhari zaidi na visa vilivyofumwa pamoja. Katika Marko 5:21-43, habari ya binti Yairo inakatizwa na mwanamke aliyetokwa damu, kisha inaendelea. Mwanamke ameugua miaka 12. Binti ana umri wa miaka 12. Ukivitenga visa hivi kwa siku mbili, huioni namba hiyo wala huelewi uchungu wa Yairo anayesubiri. Hali ni hiyo hiyo kwa mtini na hekalu katika Marko 11:12-25. Hapa vunja kanuni ya mistari 12 bila wasiwasi.

Hatua ya 3: Soma mara tatu

Mara ya kwanza kwa sauti, bila kalamu. Ya pili polepole, ukipiga mstari chini ya vitenzi. Ya tatu katika tafsiri nyingine. Dakika saba zinatosha.

Hatua ya 4: Jaza ukurasa wa kushoto

Kazi yote inasimama hapa, kwa hiyo mpe ukurasa huu dakika kumi kamili. Andika mambo saba yaliyomo katika kifungu, kila moja na namba ya mstari wake. Hisia haziruhusiwi, wala maneno kama "tunajifunza" au "hii inaonyesha". Tafuta nani anatenda, yuko wapi, neno gani linarudi, nani anauliza, nini kimebadilika mwishoni, na nini kilitangulia kifungu.

Chukua Bartimayo, Marko 10:46-52. Ukurasa wa kushoto unaweza kuwa hivi:

- Mst. 46: ameketi kando ya njia.
- Mst. 48: wengi wanamkemea anyamaze, anazidi kupaza sauti.
- Mst. 49: Yesu anasimama, na wanaotumwa kumwita ni watu wa mkutano ule ule.
- Mst. 50: anatupa vazi lake kabla hajaponywa.
- Mst. 51: Yesu anamuuliza anataka afanyiwe nini.
- Mst. 52: anamfuata Yesu njiani.
- Kabla yake, mst. 36: Yakobo na Yohana wameulizwa swali lile lile.

Jambo la mwisho ndilo dhahabu. Wanafunzi wawili wanaomba viti vya kuume na kushoto katika utukufu. Kipofu anaomba kuona. Kwa kawaida mambo matatu ya kwanza huja upesi kwa sababu kila mtu anayajua. La tano hadi la saba huja kwa shida, na tafakari yako huzaliwa huko. Ukiishia matatu, rudi kwenye kifungu, usihamie ukurasa wa kulia.

Hatua ya 5: Linganisha, lakini usichanganye

Tumia dakika tatu kutazama marejeo ya pembeni. Mathayo 20:29-34 ina vipofu wawili. Luka 18:35-43 inaweka kisa Yesu akiwa anakaribia Yeriko, ilhali Marko anakiweka wakati anatoka. Andika tofauti moja tu chini ya ukurasa, kisha rudi kwa Marko. Kosa la kawaida ni kuunga Injili zote kuwa hadithi moja: katika kisa cha kulisha watu elfu tano, nyasi mbichi za Marko 6:39 na mikate ya shayiri ya Yohana 6:9 huingia kapu moja, na kila mwinjili anapoteza alichotaka kusema.

Hatua ya 6: Ukurasa wa kulia, maneno 120 hadi 150

Chagua jambo moja kutoka kushoto. Moja. Sentensi ya kwanza ilitaje pamoja na mstari wake. Mbili au tatu zieleze linafanya nini ndani ya kisa. Tatu ziseme linakugusa wapi leo. Mbili za mwisho ziwe sala.

Sehemu ya "leo" iwe kitu unachoweza kukitaja: mazungumzo unayoyakwepa, mtu uliyemnyamazisha. "Nijitahidi kuwa mwema" haina siku wala mahali. Na usijifanye Bartimayo kila mara. Siku nyingine jiweke kati ya wale waliokemea kisha wakatumwa kuita. Wengi wetu tunafanana nao zaidi.

Pale kisa kinapotaja fedha au vipimo, piga hesabu kwanza. Katika Mathayo 18:23-35 mtumwa wa kwanza anadaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ni ujira wa siku, kama ulivyo katika Mathayo 20:2. Deni ni dinari milioni 60. Naye anamdai mwenzake dinari 100. Tafakari nyingi huliita hilo la pili deni dogo, na hapo zinakosea: ni ujira wa zaidi ya miezi mitatu. Anayeambiwa asamehe ameumizwa kweli, na ukiandika kana kwamba ni senti mbili, kisa kinapoteza makali.

Vikwazo vidogo

Ukikosa siku, usifidie kwa vifungu viwili. Endelea pale ulipoachia.

Ukikutana na mabano au maelezo ya chini kwamba mistari fulani haimo katika nakala za kale zaidi, kama Marko 16:9-20 au Yohana 7:53–8:11, isome, andika alama pembeni mwa ukurasa, na uendelee.

Hatua ya 7: Siku ya saba usisome kipya

Soma tafakari zako sita. Ikiwa neno moja, tuseme "kutegemea", limetawala nne kati ya hizo, ujue ukurasa wa kushoto unajazwa kwa haraka. Wiki inayofuata jilazimishe kuandika mambo kumi badala ya saba.

Marko ikiisha, nenda Luka, kisha Mathayo. Yohana iwe ya mwisho: sura ya 13 hadi 17 ni maneno marefu ya Yesu yenye matendo machache, kwa hiyo kata mistari 6 hadi 8 tu kwa siku, na ukurasa wa kushoto fuata maneno yanayorudi, kama "kukaa" katika 15:1-10, badala ya kutafuta nani alifanya nini.