Jinsi ya kumpata muuguzi mtabibu wa familia kwenye mji mdogo wa Marekani

Kazi ikikupeleka kwenye mji mdogo wa Iowa, Kansas au Nebraska, kule kwenye viwanda vya nyama na mashamba ya mahindi, huenda ukakuta daktari wa karibu yuko mwendo wa saa nzima kwa gari na miadi yake ni ya miezi ijayo. Lakini kliniki ya hapo mjini mara nyingi ina mtu mwenye herufi FNP kwenye beji yake. Huyo ni muuguzi mtabibu wa familia. Wengi wetu tukiambiwa "utaonwa na nesi" tunahisi tumedharauliwa, tunarudi nyumbani, halafu ugonjwa ukizidi tunakimbilia idara ya dharura, ambako bili yake inaweza kumeza mshahara wa miezi. Nakuomba usifanye hivyo.

Aliyekulia Kenya au Tanzania anamjua tabibu wa zahanati, anayepima, kuandika dawa na kutoa rufaa ingawa si daktari. Huyu hafanani naye kwa masomo: kwanza ni muuguzi aliyesajiliwa, kisha akasoma shahada ya uzamili au uzamivu na kufaulu mtihani wa taifa. Kazi yenyewe ilianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, kwa muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver, kwa sababu watoto wa vijijini walikuwa hawafikiwi. Anatibu kichanga hadi bibi kizee. Iowa na Kansas, kwa mfano, sheria inamruhusu kufanya hayo kwa leseni yake mwenyewe. Missouri na Texas lazima awe na mkataba na daktari.

Anza na vituo vya afya vya jamii vinavyopata fedha za serikali kuu. Hivyo vinapunguza malipo kulingana na kipato cha familia, na havikufukuzi kwa kukosa uwezo wa kulipa. Tovuti ya wakala wa serikali uitwao HRSA inakuonyesha kilicho karibu ukiandika namba yako ya posta. Zipo pia kliniki za vijijini zilizowekwa na sheria ya 1977, ambazo kwa angalau nusu ya saa za kazi lazima ziwe na muuguzi mtabibu au mhudumu wa ngazi inayofanana naye. Ukishapata jina, lihakiki bure kwenye tovuti ya Nursys uone leseni yake. Kisha piga simu uulize kama anapokea wagonjwa wapya, kama anapokea bima yako, na mtoto akiamka na homa leo ataonwa lini. Jibu la swali hili la mwisho ndilo mimi ningelipa uzito kuliko yote.

Omba mkalimani tangu simu ya kwanza. Kiingereza kikiwa kidogo, taja tu jina la lugha, nao watakuunganisha. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukupa mkalimani bila malipo, na msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Taja na Kiswahili chako ni cha wapi: mkalimani wa Mombasa na mama wa Bukavu wanaweza kupishana vibaya kwenye maneno ya mwili na maumivu. Msipoelewana, omba mwingine. Hukumkosea mtu adabu. Na tafadhali, usimfanye mwanao mkalimani. Nimeona akina mama wakinyamazia damu na maumivu ya uzazi kwa sababu anayetafsiri ni mtoto wa shule ya msingi.

Yapo makaratasi ambayo muuguzi mtabibu hawezi kukusainia. Uchunguzi wa afya wa kuomba kadi ya kijani hufanywa na daktari aliyeteuliwa na uhamiaji, na fomu N-648, ya mzee asiyeweza kufanya mtihani wa uraia kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu, inataka daktari au mwanasaikolojia tiba. Usipoteze nauli. Dereva wa lori, wewe anaweza kukupima, mradi awe kwenye orodha ya taifa ya wapimaji wa madereva.

Siku ya kwanza beba dawa zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali na za mitishamba, pamoja na kadi za chanjo. Mwambie kama ulichanjwa BCG, maana kipimo cha kifua kikuu cha kwenye ngozi kinaweza kukudanganya. Omba cha damu. Omba pia kipimo cha homa ya ini aina ya B, na kama kwenu kuna selimundu (sickle cell) usilifiche.

Ukitoka kusalimia nyumbani, mweleze ulikwenda wapi na ulirudi tarehe gani. Kliniki nyingi za Marekani hazikutani na malaria, na homa yako inaweza kuitwa mafua. Homa yoyote ndani ya mwaka mmoja tangu urudi, taja malaria wewe mwenyewe na udai kipimo cha damu siku hiyohiyo. Kliniki isipoweza, hapo ndipo idara ya dharura inapostahili: nenda usiku huohuo, usingoje kukuche.