Mapambo ya harusi kutoka kihambani: kadi, meza na mlango kwa mikono yenu

Mapambo hukatwa kwenye kikao cha pili. Kikao cha kwanza kila mtu ni tajiri: ahadi zinamiminika, mjomba anasimama na kusema keki mwachieni yeye. Wiki nne baadaye mweka hazina anasoma zilizoingia, si zilizoahidiwa, na mwenyekiti anauliza bila kunitazama, "Hivi maua ni lazima?" Chakula hakiguswi, vinywaji haviguswi, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ndiyo usiseme. Kinachofyekwa ni changu.

Ninapamba harusi hapa Moshi, na siku hizi hilo halininyimi usingizi. Bajeti ikishafyekwa ndipo watu wanapokubali niwapeleke kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani. Hesabu zangu hapa ni za wageni 150, yaani meza 15 za watu kumi kumi. Anzeni wiki nane kabla.

Hatua ya 1: Chagueni vitu vitatu, basi

Bibi harusi huja na picha sitini kwenye simu na anataka zote zitengenezwe kwa mkono. Mkatalieni kwa upole. Kwa mkono fanyeni kadi, meza na mlango wa ukumbi, kwa sababu hivyo ndivyo mgeni anavyovishika au kuvipita akiwa hana haraka. Viti, spika na upishi lipieni. Na keki pia, tafadhali. Nimewahi kubeba keki ya binamu kwenye mapaja kutoka Machame hadi mjini, na ilipofika ghorofa zote tatu zilikuwa zimehamia upande mmoja.

Hatua ya 2: Kusanyeni magamba ya mgomba

Hiki ndicho kiini cha kazi yote. Ninasema yale maganda makavu ya kahawia yanayoning'inia kwenye shina la mgomba, ambayo kwa kawaida huachwa yaozee chini. Ukiyatazama kwa karibu hayana rangi moja: kuna ya asali, kuna ya chai ya maziwa, na yale yaliyokuwa kivulini yana michirizi karibu meusi. Kusanyeni mchanganyiko. Gunia moja lililoshindiliwa huwa linatosha meza 15 na baki.

Bandueni kutoka juu kwenda chini ili ganda litoke refu. Futeni kila moja kwa kitambaa chenye unyevu, pande zote mbili, maana ndani hukaa vumbi na wadudu. Anikeni juani siku mbili au tatu. Kisha pigeni pasi ya moto wa wastani, ganda likiwa katikati ya kurasa za gazeti. Linatoka limenyooka, lina mng'ao kidogo, na linakatika kwa mkasi kama karatasi ngumu.

Msiharakishe kukausha. Mwaka mmoja nilikusanya magamba mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimekolea, nikayaona makavu nikayafunga kwenye gunia. Siku tatu kabla ya harusi nikafungua: ukungu wa kijani, na harufu ya kabati la bibi. Tuliokoa robo tu. Ikiwa lazima mfanye kazi Machi hadi Mei, yatandazeni ndani karibu na jiko, na msiyafunge kabla ya kuyakunja na kuyasikia yakilia.

Hatua ya 3: Chupa za katikati ya meza

Waambieni ndugu wote waache kutupa chupa za jemu na asali. Mnahitaji 45, tatu kwa kila meza, na hazihitaji kufanana; zikipishana urefu ndiyo vizuri. Zilowekeni usiku mmoja kwenye maji ya moto yenye sabuni, lebo zitatoka zenyewe. Gundi inayobaki inanata vibaya, lakini ukiipaka mafuta ya kupikia, ukaiacha dakika kumi na kusugua, inaondoka.

Kateni gamba mstari wa upana wa vidole vinne. Pakeni gundi nyeupe ya mbao, zungusheni kwenye chupa, kisha fungeni kamba ya katani kushikilia mpaka ikauke. Acheni vidole viwili vya kioo wazi kwa juu, maji yaonekane.

Hapo ndipo pa kuweka jina la familia. Badala ya namba za meza, tuliwahi kuandika kila chupa jina la mahali kwenye maisha ya maharusi: Kibosho alikozaliwa mmoja wao, Sakina walikopanga chumba cha kwanza, kituo cha basi walikokutana. Wageni walizunguka wakisoma meza za wenzao, na MC akapata nusu saa ya maneno bila kuomba.

Mishumaa hapana. Gamba kavu likishika moto ni kama umewasha petroli. Mkitaka mwanga, tumieni taa ndogo za betri ndani ya chupa zisizo na maji.

Kwa maua, mashamba ya waridi yako upande wa Arusha, kilomita kama 80 kutoka hapa. Nunueni mashina matatu tu kwa chupa ndefu, nyingine zijazeni majani ya nyumbani. Waridi zikifika zikateni mashina kwa mshazari, ondoeni majani yatakayozama, ziwekeni kwenye ndoo ya maji mahali pa baridi usiku kucha. Bogenvilia iacheni kwenye ua. Ukiikata asubuhi, mchana imelala. Majani ya mkahawa yanang'aa vizuri sana, ila ombeni kwa mwenye shamba. Msivamie mti wenye matunda ya watu.

Hatua ya 4: Kitenge katikati ya meza

Pande moja la yadi 6 lina urefu wa karibu mita 5.5 na upana wa kama sentimita 115. Likateni mara tatu kwa urefu, sentimita 180 kila kipande, kisha kila kipande mkigawe mara tatu kwa upana. Mnapata vitambaa tisa vyembamba, ambavyo vikishapindwa ncha vinavuka meza ya duara ya sentimita 150 na kuning'inia kidogo pande mbili. Mapande mawili yanatoa 18: kumi na tano za wageni, tatu za meza kuu na ya zawadi. Fundi wa cherehani anapinda yote kwa siku moja.

Chini yake wekeni mashuka meupe. Kwenye mitumba ya soko la Memorial hapa Moshi, mkienda mapema, mnapata ya pamba nzito; yachemsheni, yapigeni pasi. Kitenge chenye maua makubwa sana kikikatwa vipande hivi kinapoteza sura, hivyo chagueni cha michoro midogo.

Hatua ya 5: Kadi za muhuri wa mgomba

Kateni kikonyo cha jani bichi la mgomba, kile kinachoshika jani kwenye shina, kwa kisu kikali na kwa mkato mmoja. Tazameni ndani: ni umbo la mwezi mwandamo, limejaa vijumba vidogo kama sega la nyuki. Huo ndio muhuri wenu, hakuna wa kuuchonga.

Kiacheni kimesimama kwenye gazeti saa moja utomvu uchuruzike. Vaeni nguo za kazi, kwa sababu utomvu wa mgomba ukikauka kwenye nguo hautoki, uliza mama yeyote wa Marangu. Kisha mimineni rangi ya kuchorea kwenye sponji iliyo ndani ya sahani, gongeni kikonyo polepole, bonyezeni kwenye karatasi, inueni moja kwa moja bila kutikisa. Kikianza kulainika, kateni unene wa kidole mwendelee na uso mpya.

Karatasi ngumu moja ya A4 ikikatwa katikati na kukunjwa inatoa kadi mbili. Kwa kadi 80, za mtu mmoja na za wawili pamoja, nunueni karatasi 45, tano za kuharibu. Andikeni namba kwa kalamu ya wino kila kadi na jina lake kwenye daftari la mlangoni. Kadi ya mkono inapendeza, ila wazamiaji nao wana macho.

Hatua ya 6: Mlango

Migomba miwili yenye mikungu, mmoja kila upande. Chagueni mchare, mgomba wa ndizi za kupika, uliokomaa ambao ungekatwa wiki hiyo hiyo kwa ajili ya mtori, ili msilie hasara. Mgomba ni maji matupu, ni mzito kuliko unavyodhani: vijana wawili kwa kila mmoja, simikeni ndani ya pipa lililokatwa nusu, jazeni mawe, fungeni kwenye nguzo. Kateni asubuhi ya siku yenyewe na kufunika majani kwa magunia yaliyoloa mpaka saa nane, la sivyo wageni watapokelewa na matambara.

Kisha kuna isale, jani la mmea wa asili wa kwetu Uchagani. Wapambaji wengi wanalipenda kwa sababu ni refu na halinyauki haraka. Lakini kwa Mchagga isale si jani la kujazia nafasi. Ndilo linalopelekwa kuomba msamaha, linapandwa mpakani, linapandwa makaburini. Kabla ya kulichomeka popote, mwendeeni mzee wa ukoo mmuulize. Mara moja mzee alinijibu, "Weka moja tu, pale wakwe watakapopitia." Sikuuliza sababu. Baba wa bwana harusi alipofika pale alisimama, akaligusa, ndipo akaingia.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Maharusi wasiguse kitu. Tafuteni watu watano: wawili wa migomba, wawili wa meza, mmoja wa maua. Waingie ukumbini saa mbili asubuhi, meza ziishe saa sita, maua yawe ya mwisho.

Na mtu wa sita, wa kukusanya. Chupa zirudi kwenye makreti, mikungu iende jikoni, vitambaa vya kitenge vihesabiwe kabla ya saa nne usiku. Mashangazi huanza kuvikunja taratibu keki ikishakatwa, na mpaka leo kwenye 18 sijawahi kurudi na zaidi ya 11.