Kusafisha zulia nyumbani bila mashine ya kufyonza vumbi

Uchafu mwingi wa zulia ni mchanga na vumbi kavu lililozama kwenye mashina ya nyuzi, si madoa yanayoonekana juu. Ukimwaga maji kabla ya kulitoa vumbi hilo, unatengeneza tope ndani ya zulia, na likikauka humo hutoa harufu kila hewa inapopata unyevu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanywa zulia likiwa kavu. Maji huja mwisho, na mara nyingi hayahitajiki.

Litoe nje, ulitandaze juu ya ukuta mfupi au kamba mbili za kuanikia zilizokaribiana, mgongo ukikuelekea. Piga mgongo huo kwa fimbo au mpini wa fagio, ukianzia juu kushuka chini. Ukipiga nyuma, mchanga unasukumwa nje kupitia manyoya; ukipiga mbele unaurudisha ndani. Simama upepo unakotoka, jifunge kitambaa puani, na mwenye pumu akae mbali. Endelea mpaka fimbo isitoe tena wingu la vumbi. Kisha geuza, ufagie manyoya kwa fagio la chelewa, ukivuta kidogo kidogo, kwanza dhidi ya mlalo wake halafu kuufuata. Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka, na ndiyo inayoamua zulia litakuwaje.

Zulia lisiloweza kutoka kwa sababu ya makochi likunje nusu, upige mgongo, ufagie sakafu iliyokuwa chini yake, halafu ufanye upande wa pili. Nywele na nyuzi zilizong'ang'ania huondoka ukivaa glovu ya mpira, ukailowesha kidogo na kupapasa upande mmoja tu. Zitajikusanya kama kamba.

Bekingi soda hupunguza harufu, lakini inasifiwa kupita kiasi. Bila mashine, unga huo ni mgumu kutoa kwenye manyoya marefu. Itumie kwa zulia unaloweza kulikung'uta nje pekee: kikombe kimoja kinatosha zulia la futi 5 kwa 8. Linyunyizie kwa chujio likiwa kavu kabisa, uache usiku mzima, asubuhi ulipige upya. Likiwa na unyevu, unga huganda na kuacha madoa meupe.

Kama manyoya bado yamefifia kwa uchafu, tumia povu badala ya maji. Weka vijiko 2 vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita 1 ya maji vuguvugu, upige mpaka povu lijae. Chota povu lenyewe, uyaache maji chini. Sugua kwa brashi laini, kipande kimoja baada ya kingine, upangushe kwa kitambaa kilichokamuliwa katika lita 5 za maji yenye nusu kikombe cha siki nyeupe, umalizie na kitambaa kikavu. Usiongeze sabuni ukidhani utapata usafi zaidi. Sabuni inayobaki hunata na kudaka vumbi, ndiyo sababu mazulia mengine huchafuka upya ndani ya siku chache.

Kufua kwa maji mengi kunafaa mazulia ya polyester, na kwanza ujaribu rangi: kandamiza kitambaa cheupe kilicholowa maji ya sabuni kwenye kona kwa dakika 2, kikitoka na rangi, acha. Usilifue hivyo zulia la sufu, na sabuni ya unga usiiguse kabisa hapo, maana ukali wake huharibu nyuzi. Lenye mgongo wa nyuzi za gunia nalo likilowa sana hutoa rangi ya kahawia inayopanda mpaka juu. Fua asubuhi ya jua, kwenye sementi yenye mteremko. Suuza hadi maji yatoke bila povu, yasukume nje kwa kifaa cha mpira cha kusukumia maji sakafuni, kisha liviringe na kulisimamisha lichuruzike. Lianike juu ya ukuta mpana, mgongo ukitazama jua ili rangi isipauke, uligeuze mara kadhaa. Kamba moja nyembamba hulipinda, na uzito wa maji unaweza kuachanisha tabaka zilizounganishwa kwa gundi. Kabla ya kulirudisha ndani, kandamiza tishu kwenye mashina ya manyoya, ikilowa, bado. Zulia lililokaa na unyevu zaidi ya siku moja huanza kuota kuvu, kwa hiyo wakati wa masika baki na fimbo na povu.

Doa bichi usilisugue. Kandamiza kwa kitambaa kikavu kutoka pembeni kwenda katikati. Damu ni maji baridi tu, kwani ya moto huigandisha. Mafuta ya chakula yafunike kwa wanga wa mahindi kwa nusu saa, uukwangue, ndipo upake povu. Mkojo wa mtoto ufyonze kwanza, halafu weka siki iliyochanganywa na maji mara mbili yake, ukaushe. Hapo hasa usikimbilie dawa ya kung'arishia nguo nyeupe kama Jik: huondoa rangi ya zulia, na ikikutana na siki au mkojo hutoa gesi ya sumu. Ikitokea hivyo, toka nje na uache milango na madirisha wazi.