Namna ya kuuliza kwenye kikao cha kazi usijibiwe "nzuri tu"

Ukimuuliza mfanyakazi "Kazi zinaendaje?" atakujibu "Vizuri tu, bosi", na hajakudanganya. Umemsalimia, naye ameitikia. Kwetu hata mwenye mgonjwa nyumbani huanza na "nzuri", ndipo aseme "ila..." Kikao cha kufuatilia kazi kina faida kikiifikia hiyo "ila". Vikao vingi huishia kabla yake.

Kwa hiyo salimia kwanza, tena salamu kamili, uimalize. Kama msimamizi ana miaka 28 na mtunza stoo ana 55, shikamoo haimshushi mtu cheo. Kinachoharibu ni kumwita mzee kwa jina tupu mbele ya vibarua. Salamu zikiisha, fungua kauntabuku mezani. Mwenzako ataona kwamba sasa mnaongea kazi.

Dakika 25 kila baada ya wiki mbili zinamtosha mtu mmoja. Saa nne asubuhi, Jumanne au Jumatano, ni muda mzuri. Jumatatu asubuhi kila mtu anahangaika na mzigo wa wiki, Ijumaa mchana wengine wako msikitini, na mtu anayeishi mbali, kama Mbagala au Gongo la Mboto kwa Dar es Salaam, ukimkalisha saa kumi na moja jioni atakubali lolote ili awahi gari. Siku moja kabla mtumie kwa WhatsApp maswali mawili, hasa yale yanayohitaji akaangalie daftari. Ukimshtukiza na swali la hesabu atakupa namba ya kukisia, na baadaye ataona aibu kuirekebisha.

Swali zuri linashika kitu kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole: siku fulani, karatasi fulani, mzigo fulani. Chukua godauni la bidhaa za jumla pale Barabara ya Nyerere. Msimamizi akiuliza "Stoo iko sawa?" anajibiwa "Iko sawa". Abadilishe hivi:

"Mzee, mzigo wa Alhamisi, tangu gari limeingia getini mpaka katoni ya mwisho imeingia stoo, ulikwama wapi?"

"Kushusha hakukuwa na shida. Tulisubiri karatasi tu. Keshia alikuwa na wateja, ikalala kwake mpaka saa nane."

"Mwezi huu imetokea mara ngapi?"

"Hiyo ya tatu."

Msimamizi aliyekuwa tayari kuwafokea vibarua kwa uvivu sasa anajua tatizo ni karatasi kupitia kwa mtu mwenye foleni. Dawa yake ni nakala moja ya hati ya mzigo kwenda moja kwa moja kwa mtunza stoo. Angalia pia swali la pili: "mara ngapi" ndilo linalotenganisha ajali ya siku moja na ugonjwa wa kudumu. Usiliache.

Maneno madogo ndiyo yanayoharibu. "Mbona" ni lawama iliyovaa nguo ya swali: "Mbona ripoti haijafika?" huzaa utetezi, hata kama umeuliza kwa upole. "Kwa nini" ina nafuu kidogo, lakini "ilikuwaje" humfanya mtu asimulie tangu mwanzo. "Nani kachelewesha?" humlazimisha achague kati ya kumchoma mwenzake na kukaa kimya, na wengi watakaa kimya. Badala yake uliza "imelala meza gani?" "Si umeshamaliza?" tayari lina jibu ndani yake. Na "Umeelewa?" lifute kabisa, maana hakuna mtu mzima atakayejibu "sijaelewa". Badala yake uliza "Kesho ukifika utaanzia wapi?" Akianza pasipotakiwa, utajua maelezo yako ndiyo yaliyopwaya.

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, simu ikiwa imelala kifudifudi. Mabosi wengi hawafiki tano. Wanajijibu wenyewe, mfanyakazi anaitikia kwa kichwa, kikao kimekufa.

Lililo gumu zaidi ni kuuliza unavyomkwamisha wewe mwenyewe. "Nina kasoro gani?" halijibiki, adabu hairuhusu. Mpe vya kuchagua: "Kati ya kusaini malipo, kujibu meseji na kupanga zamu, wiki hizi mbili wapi nimechelewa zaidi?" Hapo anachagua tu, hakutukani. Akitaja, sema asante na uandike. Ukijitetea mara moja tu, kuanzia siku hiyo utajibiwa "hamna, bosi".

Akigeuza kikao kuwa ombi la advansi, usimkatie. Liandike, mpe siku ya jibu, mrudi kwenye kazi. Wakati mwingine hilo ndilo lililokuwa likimkaba, na maswali mengine yasingepata jibu kabla yake.

Kumbukumbu iwe mistari mitatu chini ya tarehe: kilichokwama, atakachofanya yeye na siku yake, utakachofanya wewe na siku yake. Usimsainishe. Saini inanuka barua ya onyo, na maneno yatapungua. Kama utendaji ni mbovu kweli, hiyo ni njia nyingine: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 na kanuni zake za utendaji bora za 2007 zinataka uchunguze sababu, umwelekeze na umpe muda wa kujirekebisha kabla ya kufikiria kumwachisha. Mwambie waziwazi kwamba mnaingia huko, kwa kikao na maandishi ya peke yake. Ukizichanganya njia hizo mbili, habari zitasambaa ofisi nzima kabla ya chakula cha mchana, na kila atakayeitwa atakuja na "nzuri tu" yake.

Kikao kijacho fungua kwenye mistari ile mitatu, ukianza na ule wako.